Mgeni wa Pili

19 Aprili

Hitma imekwisha. Viti vimerudishwa msikitini, masufuria yamerudi kwa wenyewe. Mwanangu Zaid aligongwa na lori la saruji karibu na Kilifi akirudi kazini. Naandika hivyo mara moja, nisiandike tena.

Mkewe, Afiya, ameingia eda. Atakaa ndani ya nyumba hii, alimokuwa akikaa na mumewe, miezi minne na siku kumi. Dada yangu Bi Fatu amehamia kwangu ili amtazame. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukitoa kioo cha chumbani na kukigeuza uso ukutani, nyuma ya kabati langu la vitabu. Ndivyo walivyofanya bibi zetu kule kaskazini kabla ya vita vya shifta kutuhamisha, na ndivyo afanyavyo yeye hapa Malindi, huku misumari ya kioo ameibana midomoni.

Sihisi kitu. Nakula nikiambiwa kula.

22 Aprili

Mvua.

27 Aprili

Leo amekuja Nayan. Ni mtoto wa marehemu Manilal, aliyekuwa na duka la nguo karibu na msikiti wa Ijumaa. Yeye hakushika nguo, amefungua ofisi ya kutengeneza tovuti za mahoteli, na Afiya ni mmoja wa waandishi wake wa programu. Alikaa nami sebuleni. Afiya na Bi Fatu walikuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Baba yako angeleta halua."

"Nimeleta. Iko kwenye gari, nimeona haya kuingia nayo."

"Kailete. Msiba haukatazi halua."

Aliileta, akakaa akiitazama. Kisha akasema alilojia. Kuanzia Agosti kurasa zote za ofisi yake zitaandikwa kwa lugha mpya. Ile ya zamani wateja hawaitaki tena. Kila mfanyakazi atachagua mafunzo yanayomfaa, ofisi itagharamia, na mwisho wa Julai kila mmoja ataonyesha ukurasa alioutengeneza mwenyewe.

"Na asiyeweza?" niliuliza.

"Sitakuwa na kazi ya kumpa, mwalimu. Si kwa ubaya. Kazi yenyewe haitakuwepo."

Pazia lilisogea kidogo. Kisha sauti ya Afiya ikasema, "Nimesikia, Nayan. Ahsante kwa kuja."

Alipoondoka Bi Fatu alitoka, akafungua halua. "Mtu yuko eda wamletea mtihani! Ulimwengu huu."

30 Aprili

Nimemwomba Afiya aniandikie jina la hiyo lugha kwenye karatasi. TypeScript. Nikamwomba anieleze tofauti yake na ile aliyoizoea. Alifikiri kidogo. Ile ya zamani, alisema, hupokea chochote uandikacho, na kosa hujitokeza baadaye mbele ya mteja. Hii mpya yakukatalia mapema. Yataka useme kila kitu ni cha aina gani, na kama chaweza kukosekana, useme utafanya nini kikikosekana.

Mafunzo yako ya aina tatu. Kuna darasa la Mombasa, la kuhudhuria kwa mwili, na hilo eda imelifuta. Kuna darasa la mtandaoni ambalo mwalimu yuko Nairobi na wanafunzi humsikiliza kwa wakati mmoja, wote pamoja. Na kuna masomo yaliyorekodiwa, ambayo mtu huyatazama peke yake apendapo.

"Wewe waonaje?" nikamwuliza.

"Nichagulie wewe, Baba. Mimi nikiulizwa chai au maji siwezi kujibu."

Ndugu yake Swafwan alipiga simu kutoka Mombasa. Anasema eda ikiisha atakuja kumchukua dadake, kwa sababu mjane asiye na kazi hawezi kubaki kwa mkwe kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Kwake kuna chumba cha watoto wake, atalala nao. Alisema kwa upole na hakukosea. Kazi ikipotea Afiya hatakuwa na la kujibu. Akiwa nayo, atakwenda apendako.

2 Mei

Nimechagua darasa la mwalimu. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi na naamini mtu hujifunza machoni mwa mtu. Afiya alisema, "Sawa, Baba," kama asemavyo kwa kila kitu.

9 Mei

Darasa limeanza, nami nilisahau jambo ambalo mtu wa nyumba hii hakupasa kulisahau.

Afiya alikaa chumbani, mtandio kichwani, kompyuta mbele yake. Mwalimu alikuwa kijana mwenye sauti safi. Bi Fatu akaingia na kahawa. Akaona nyuso za wanaume zimepangwa kwenye kioo cha kompyuta kama watu madirishani, na katikati yao dirisha moja lina uso wa Afiya mwenyewe.

"Subhanallah! Kioo nimekitoa kwa mikono yangu. Huyu kaingiza kingine, na wanaume ndani!"

"Bi Fatu, wanakusikia," Afiya akasema.

"Na wasikie! Salaam aleikum, wanangu. Geuzeni nyuso."

Nikasikia mmoja wao akijibu salamu.

Baadaye alichukua utepe mweusi wa fundi wa stima, akabandika kwenye tundu la kamera. Nikaenda kwa imamu baada ya alasiri kumwuliza. Akasema ajistiri asome, hapana ubaya, na habari ya kioo ni mila ya bibi zetu wala si dini. Nikarudi na jibu.

"Imamu hajapata kukaa eda," alisema Bi Fatu.

Nilikuwa na la kumjibu, lakini Afiya alitangulia. "Uacheni utepe. Sitaki kujiona."

15 Mei

Kanuni ya darasa ni kwamba asiyeonekana hahesabiwi kuwa amehudhuria. Wamemtoa Afiya. Niliwaandikia barua pepe ya adabu nikiwaeleza eda ni nini. Wamejibu kwa Kiingereza kizuri kwamba wanatupa pole, na kwamba kanuni ni ya wote.

Mvua imeingia sebuleni kwenye pembe ya kusini. Nimeweka ndoo.

17 Mei

Bi Fatu amechagua masomo ya kurekodi. "Atazame, asitazamwe. Yataka elimu gani kulijua hilo?"

21 Mei

Masomo. Mvua.

26 Mei

Masomo. Mvua. Stima ilikatika tangu adhuhuri.

3 Juni

Masomo. Nimemwaga ndoo.

Mwalimu wa kwenye masomo haya ana kicheko ambacho hurudi pale pale kila Afiya arudiapo somo. Bi Fatu amekwisha kukijua. Hucheka naye kutoka jikoni.

11 Juni

Mtu wa bima amekuja na karatasi ya gari la marehemu. Nimetia sahihi. Ni jina langu tu.

18 Juni

Afiya amemaliza masomo yote. Ametumiwa cheti chenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Bi Fatu alitaka kitiwe fremu.

Nikamwambia, "Nionyeshe kitu ulichokitengeneza."

"Kitu gani?"

"Chochote. Ukurasa mmoja."

Akafungua ukurasa mtupu. Nilikwenda sokoni, nikarudi, nikamkuta amekaa vile vile. Kahawa ilikuwa imefanya utando.

"Akiandika yule mwalimu naelewa kila kitu, Baba. Namaliza hata sentensi zake. Akinyamaza, sina langu."

Hilo nalijua. Nilikuwa na wanafunzi walionakili ubao kwa hati nzuri kuliko yangu, na ukifuta ubao umewafuta na wao. Bi Fatu alisimama mlangoni na fremu mkononi. Alikwenda kuirudisha kabatini.

20 Juni

Nilipoletwa Malindi nilikuwa mtoto nasema Kitikuu, lahaja ya kwetu kaskazini. Kwetu mtu huitwa mchu, na watoto wa mtaa wa Shela walicheka mpaka wakakaa chini. Shuleni nilinyamaza. Sikujifunza shuleni. Mama alikuwa akinituma kwa Manilal kununua uzi, naye Manilal, ambaye Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa na kona za Kigujarati, hakucheka. Aliniuliza tu, "Uzi wa rangi gani? Wa kushona nini? Ukikosekana mwekundu, nikupe upi?" Sikuondoka dukani mpaka nimejibu. Nilijifunza kwa sababu nilihitaji uzi.

Nimemweleza Afiya haya tukila. Alisikiliza. Nadhani alisikiliza.

21 Juni

Amefanya jambo bila kuuliza mtu. Amemwandikia Garama, mwenzake wa ofisini, kijana wa kijiji cha Ganda ambaye lugha hii anaijua tangu zamani. Amemwomba asimfundishe. Amemwomba amsahihishe. Afiya ataandika ukurasa wa kweli, wa nyumba ya wageni ya Watamu ambayo ofisi inaihudumia, kipande kila siku, naye Garama ataurudisha na maoni pembeni. Kwa maandishi tu, bila sauti wala sura.

"Ni mwanamume," Bi Fatu alisema.

"Ni kalamu nyekundu," nikasema mimi.

"Kalamu yaoa?"

Afiya alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na kila mmoja wetu alijifanya hakukisikia.

24 Juni

Kipande cha kwanza kimerudi. Maoni mengi kuliko maandishi. Afiya aliyasoma akiwa amesimama.

28 Juni

Mvua zinakatika. Upepo wa kusi unapiga, na asubuhi kuna baridi. Bi Fatu amevaa sweta langu.

Amezoea kuuliza kila alasiri, "Garama asemaje?" Afiya humsomea. *Hili jina halisemi kitu, libadilishe. Hapa umerudia kazi ile ile mara mbili. Hapa pazuri.*

"Hapa pazuri," Bi Fatu alirudia. "Mtoto wa watu ana adabu. Nilidhani ataulizauliza tu kama karani wa mahakama."

6 Julai

Afiya amefika sehemu ya mgeni kuandikisha chumba. Vyumba vya nyumba ile ni vya watu wawili. Ukurasa unauliza jina la mgeni wa kwanza, na jina la mgeni wa pili. Aliuandika akauona unafanya kazi, akautuma.

Umerudi na mstari mmoja. *Na kama mgeni wa pili hayupo?*

7 Julai

Hakutuma kitu.

8 Julai

Hakutuma. Bi Fatu asema, "Si aandike 'hayupo' yaishe?"

10 Julai

Hakutuma. Amekaa mbele ya kompyuta na mikono mapajani. Nilipomwuliza kama jambo lenyewe ni gumu, alisema ni rahisi, ni la mistari michache, mtoto aweza.

11 Julai

Mtandao wa mtaa mzima umekatika, nguzo imeanguka. Alasiri akabisha mtu. Kumbe Garama mwenyewe, amekuja na pikipiki, helmeti kifuani.

"Shikamoo, mzee. Poleni. Sikuja kuingia. Nimeona kimya siku hizi, nikadhani labda maoni yangu yalikuwa makali."

Nikamkalisha barazani, nikampa kahawa. Mlango uko wazi, pazia limeshuka, na Afiya yuko upande wa pili na Bi Fatu. Nikawa mjumbe.

"Mzee, mwambie yule mgeni wa pili asimfanye wa lazima."

Nikageuka. "Asema usimfanye wa lazima."

"Nimemsikia, Baba. Pazia si ukuta."

"Asema amekusikia."

"Nami nimemsikia, mzee."

"Basi mimi nafanya nini hapa?" niliuliza.

"Wewe kaa," Bi Fatu alisema kutoka ndani. "Wewe ndiye ukuta."

Garama aliinama kuficha meno. Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo haikunihitaji mimi, "Dada Afiya, ukurasa kama ulivyo sasa, mtu akija peke yake haumpokei. Atajaza jina lake, atabonyeza, utamwambia amekosea. Ataondoka. Na watu huja peke yao. Ni wengi."

Garama alimaliza kahawa, akanishukuru, akawasha pikipiki.

12 Julai

Baada ya alasiri Afiya aliniita chumbani. Bi Fatu alikuwa kitandani akichambua mchele kwenye ungo.

"Baba, kila nikiuandika mstari ule naona nimemwandika Zaid kuwa hayupo. Lugha yanilazimisha nimwandike. Ile ya zamani haikuuliza. Ningeweza kuacha pale pakae tu."

Nikamweleza jambo ambalo Bi Fatu analijua lakini hatulizungumzi. Tulipotoka kwetu, baba alibaki nyuma kuangalia ng'ombe na shamba, akasema atatufuata mavuno yakiisha. Hapa Malindi kulikuwa na karani wa mgao wa unga, na kila alipomwuliza mama nyumba ina watu wangapi, mama alimtaja baba kwanza. Karani akimtafuta baba hamwoni. Anatwambia tungoje pembeni mpaka mwenye nyumba afike. Tukangoja, wengine wanapita na unga. Siku moja mama alikwenda na mimi, karani akauliza, na mama akasema, "Mume hayupo. Tuko mimi na watoto." Karani hata hakuinua kichwa. Akaandika, akatupimia.

"Alilia?" Afiya aliuliza.

"Alipika," alisema Bi Fatu, bila kuacha mchele. "Nami ndiye niliyekoroga. Ugali ulikuwa na madonge. Akala wote."

Afiya alitutazama mmoja mmoja. Kisha akageukia kompyuta na kuanza kuandika. Nikatoka. Nilisikia vidole vyake mpaka adhana ya magharibi, navyo havikwenda mbio.

13 Julai

Mtandao umerudi. Ametuma. Jibu la Garama: *Imepita.*

"Neno moja tu?" Bi Fatu alilalamika. "Baada ya safari yote ile?"

19 Julai

Kazi. Upepo.

25 Julai

Kazi. Afiya ameomba chai. Hakuulizwa, ameomba mwenyewe, na akasema iwe na tangawizi.

31 Julai

Nayan ameona ukurasa. Amejaribu kuuvunja kwa kila njia, amejaza tarehe za uongo, amejaza nambari mahali pa jina. Ukamkatalia kwa adabu kila mara. Afiya anabaki kazini. Nayan alipiga simu kwangu badala ya kwake, kwa heshima, na mimi nikampa Afiya simu. Alisema, "Ahsante, Nayan," kwa sauti ile ile ya Aprili. Kisha alikwenda kusimama uani kwenye jua, akakaa huko muda.

Nilijua napasa kufurahi. Niliiona furaha iko wapi, kama mtu aonavyo nyumba ya ng'ambo.

18 Agosti

Eda imekwisha. Wanawake walikuja mapema, wakamwogesha, nguo za eda zikatolewa sadaka. Bi Fatu alikitoa kioo nyuma ya kabati langu, akakifuta vumbi, akakirudisha msumarini. Afiya alijitazama mara moja, akafunga mtandio.

Ofisi ilikuwa na mkutano wa mtandaoni. Bi Fatu akautoa utepe mwenyewe, lakini gundi ilibaki.

"Afiya, twakuona ukungu mtupu," ilisema sauti ya Nayan.

"Ngojeni!" Bi Fatu akafuta kwa ncha ya kanga yake, kwa mate. "Na sasa?"

"Sasa twamwona Bi Fatu."

"Salaam aleikum, wanangu. Mnaweza kugeuza nyuso huku."

Swafwan alifika na gari saa za adhuhuri. Tukaketi kula. Kisha Afiya alimwambia kakake mbele yangu, "Kaka, nakushukuru. Siendi Mombasa. Wala sibaki hapa kwa Baba. Nimepata vyumba viwili mtaa wa Barani, karibu na ofisi."

"Peke yako?" Swafwan alishtuka. "Watu watasema nini?"

"Nani amesema peke yake?" Bi Fatu alisema. "Vyumba viwili. Cha pili ni cha nani, unadhani?"

Swafwan alinitazama. Nami sikuwa na habari. Niliendelea kula wali.

24 Agosti

Wameondoka asubuhi. Barani si mbali, Bi Fatu ameahidi kunitumia chakula cha mchana na ameondoka na sweta langu. Nilibeba kompyuta mpaka kwenye tuktuk. Afiya alinibusu mkono, akasema, "Ijumaa tuko hapa, Baba."

Nyumba ina sauti ambazo nilikuwa nimezisahau. Bomba la uani linadondoka.

Kabla ya kuondoka alinifungulia ule ukurasa wa Watamu kwenye simu yangu, niujaribu, kwa kuwa alisema mpaka sasa wameujaribu wenye ujuzi tu. Nimekaa nao sasa hivi. Picha za vyumba, vitanda viwili viwili. Jina la mgeni wa kwanza. Nikaandika langu lote, Abdulghani bin Athman. Jina la mgeni wa pili. Kidole changu kikaanza kuandika Z, na kikaendelea mpaka jina likatimia, nikalitazama. Ndipo macho yaliponiuma, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na nikalia kama mtoto aliyechelewa kuambiwa.

Nikafuta herufi moja moja. Nikaacha pale patupu, nikabonyeza.

Haukunikatalia. Umeandika: *Karibu, Abdulghani. Chumba chako kiko tayari.*